Kondo la Milembe

Alhamisi, katikati ya Februari. Bariadi.

Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa, alasiri, haijakata. Mtaa mzima una furaha. Pamba ilikuwa imeanza kulegea majani, na leo hata mwenye duka la dawa jirani yangu, ambaye hana shamba, alitoka barazani akasimama kuitazama mvua huku akitabasamu peke yake.

Mimi sina furaha. Naandika hivyo hapa kwa sababu huku hakuna atakayeniambia nimshukuru Mungu.

Nimefunga maabara mapema nikaja kukaa kwenye chumba cha intaneti, mashine ya pembeni. Sijaweka neno kwenye blogu hii tangu Krismasi. Niliacha nikiwa nimeandika mambo ya sherehe, pilau na wageni. Nimeyasoma tena sasa hivi, nikaona kama yameandikwa na mtu mwingine.

Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka Mwanza na mdogo wangu Milembe. Tulikwenda akiwa mjamzito. Mtoto tumemzika Lamadi, njiani.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kupima. Nina chumba kimoja karibu na stendi, darubini moja, jiko la spiriti na benchi la wagonjwa. Zamani maabara zilikuwa za serikali na misheni. Siku hizi mwenye cheti na kibali anaweza kufungua ya kwake, nami nikafungua. Watu wanakuja na malaria, minyoo, taifodi, kichocho. Nawapima, nawapa majibu, wanaondoka. Nilidhani nimezoea kutoa majibu.

Milembe ndiye anayenifuata kuzaliwa. Aliolewa Lamadi na Shija, mfanyabiashara wa dagaa. Shija ananunua mzigo ufukweni Kalemela na kuupeleka minadani, mpaka Lalago huko. Ni mtu mpole, anacheka kwa pumzi tu, bila sauti. Walikaa miaka minne bila mtoto, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akimnyooshea mke wake kidole. Mimba ilipoingia alinipigia simu akaongea mambo ya bei ya dagaa, halafu ndiyo akaniambia, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Mwezi uliopita mama yetu, aliyeko Nkoma, alimwita Milembe aje amsaidie palizi. Mimba ilikuwa inakaribia miezi saba. Kwetu mjamzito halali ndani wakati wa palizi, na Milembe mwenyewe alitaka kwenda. Akapalilia. Mama alipokuwa anapiga dawa ya pamba, Milembe alikaa ng'ambo ya shamba. Hayo nimeyajua baadaye, kwa sababu leo mama ameyarudia mara nyingi mno.

Alipokuwa anarudi kwake alipitia Bariadi akalala kwangu. Asubuhi alitoka chumbani nikamwona uso. Ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, kama mtu aliyelala kifudifudi. Pete ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole kidogo. Akacheka, akaniambia mama anasema kuvimba huko ni kwa sababu mtoto ni mkubwa.

Nikamwambia twende maabara, ni hapo tu.

Vijiti vya kuchovya vilikuwa vimeniishia, nikafanya kwa njia ya zamani. Unaweka mkojo kwenye neli ya kioo, unauchemsha sehemu ya juu, unadondosha asidi kidogo. Mkojo wa mtu mwenye afya unabaki safi. Wa Milembe uliganda, ukawa mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango.

Mkojo una protini. Presha nikaenda kuazima kipimo kwa jirani wa dawa, ikawa juu sana, sikuhitaji kuirudia.

"Dada, mbona umenyamaza?"

Nikamwambia avae viatu, tunakwenda hospitali. Vikamkataa. Alikwenda na kandambili zangu.

Hospitalini hawakumweka muda mrefu. Walimpa vidonge, wakamchoma sindano, wakatuambia Mwanza, leo hii. Tukapata gari la mtu aliyekuwa anakwenda kushughulikia mambo ya kampuni yake ya pamba. Njia nzima Milembe alisinzia na mimi nilikuwa namtazama mikono, kama itatikisika. Kifafa cha mimba nilikisoma chuoni. Nilikuwa nakijua kwenye karatasi.

Daktari aliyetupokea Mwanza ni mama mmoja mfupi, mtu wa makamo, anayeongea taratibu. Alimpima Milembe kwa mashine, akasema mtoto anaishi ila ni mdogo kuliko miezi yake. Kisha alinitoa nje, tukakaa kwenye benchi la korido. Alipojua kazi yangu alinieleza bila kunipunguzia, na namshukuru, ingawa kuna siku natamani angenificha.

Alisema kondo la nyuma ni kiungo kinachojengwa huku tayari kinafanya kazi. Linaanza upya kwa kila mimba, na kazi yake kubwa mwanzoni ni kutafuta damu. Linatakiwa liipanue mishipa ya mama inayolifikia, na liote mishipa yake lenyewe. Mishipa haioti hivihivi. Kuna protini zinazoiita, zinazoiambia chipua hapa, gawanyika, sogea mpaka kule. Na kuna nyingine zinazoituliza isizidi. Kondo lenye afya lina za aina zote mbili, kwa kipimo.

La Milembe lilianza vibaya. Lilianza vibaya miezi ya mwanzo kabisa, wakati yeye mwenyewe yuko bado anahesabu siku kwa vidole na kuogopa kumwambia mumewe. Njia za damu hazikupanuka vya kutosha, kondo likabaki na njaa. Na kondo lenye njaa linamwaga zile protini za kuzuia, kwa wingi, mpaka zinaingia kwenye damu ya mama. Zikiingia huko zinazikamata zile za kujenga, zinazishikilia, zisifanye kazi tena.

Nikamuuliza za kujenga zina kazi gani kwa mtu mzima ambaye mishipa yake ilishajengwa.

"Ndizo zinazoitunza," akasema. "Ya figo, ya ini, ya ubongo. Ikizikosa inakaza na inavuja. Ulichokiona kwenye neli yako ni figo zinavuja."

Nimepima protini kwenye mikojo ya watu kwa miaka. Sikuwahi kuwaza kwamba nyuma ya ile ninayoiona kuna nyingine zisizoonekana, zinavutana juu ya mshipa mwembamba kuliko unywele.

Nikauliza dawa ya kuziondoa. Akasema watu wanachunguza, huko kwenye maabara kubwa, lakini kwa mgonjwa aliyelala kitandani leo hakuna. Presha itashushwa, kifafa kitazuiwa kadiri inavyowezekana. Kinachomaliza ugonjwa wenyewe ni kimoja, kondo litoke.

Kondo haliwezi kutoka likamwacha mtoto.

Milembe alikataa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amemsubiri huyu miaka minne, kwa hiyo siku chache zaidi haziwezi kumshinda. Daktari akakubali kusubiri kidogo, ili sindano alizomchoma za kukomaza mapafu ya mtoto zifanye kazi, akasema hali ikibadilika hatauliza mtu. Shija nilimpata kwenye simu baada ya kujaribu sana. Alikuwa ufukweni, upepo unavuma kwenye simu. Nikamweleza.

"Mwokoeni Milembe," akasema.

Nilimfikishia Milembe maneno hayo. Nikamwambia na mimi ndivyo ninavyotaka. Akageukia ukutani, hakuniongelesha siku nzima.

Kesho yake asubuhi aliamka na kichwa kinauma, akasema anaona vimulimuli na chini ya mbavu panamchoma. Nilikwenda kumwita nesi. Niliporudi alikuwa ameshaanza kutikisika.

Sitaandika alivyokuwa. Nitaandika la kwangu. Katikati ya hofu ile, wakati wanamkimbiza chumba cha upasuaji na mimi nimebaki nimeshika kandambili, kuna sehemu ndani yangu ilipumzika. Hakuna tena aliyetakiwa kuchagua. Nilisikia ule unafuu waziwazi, kama mtu anayetua ndoo. Sijamwambia mtu. Milembe ndiye ambaye sitamwambia kamwe.

Mtoto alitoka hai, msichana. Pakiti ya sukari ya kilo moja ni nzito kuliko alivyokuwa. Alikuwa na kucha.

Yule daktari alitoka akaniita kwenye chumba cha pembeni. Alisema kwa sababu ya kazi yangu, kama nataka, anaweza kunionyesha. Kondo lilikuwa kwenye beseni la chuma. La miezi ile linatakiwa lijae viganja viwili. Hili lingekaa kwenye kimoja. Upande mmoja ulikuwa umepauka, mgumu, kama ini lililosahauliwa juani. Upande mwingine ulikuwa na mishipa michache, myembamba, imetawanyika kwa mbalimbali.

Nilitaka kulichukia. Sikuweza. Ndilo lililokaribia kumuua mdogo wangu, na ndilo hilohilo lililomlisha mtoto miezi yote kwa vijishipa vichache lilivyoweza kuotesha. Nilisimama pale nikakosa cha kufanya na hasira yangu. Mpaka leo ninayo.

Milembe alipozinduka vizuri alimpa mtoto jina, Kabula, kwa vile amezaliwa majira ya mvua, ingawa mvua yenyewe ilikuwa imegoma. Walimlaza kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika kwa kanga. Milembe alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Aliniuliza mtoto ana nywele. Nikamwambia anazo, nyingi. Akaniambia nimweleze zimekaaje, nikamweleza.

Kabula alikaa hivyo mpaka siku iliyofuata mchana. Pumzi zilikuwa zinakatika, zinarudi. Halafu hazikurudi.

Shija alifika saa chache kabla. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mzigo, nguo zinanuka dagaa, na alikuwa anaona aibu kwa ajili hiyo mbele ya manesi. Alimgusa mtoto kwa mgongo wa kidole kimoja. Baada ya kila kitu tulikaa mimi na yeye nje, kwenye ngazi. Nilijaribu kumweleza alichonieleza daktari, na nikalitumia lile neno, protini, bila kufikiri.

Akanigeukia.

"Dada, kliniki waliniambia protini ni dagaa. Mimba ilipoingia nikawa nambagulia wale wazuri, kila mzigo. Ni dagaa wangu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia chakula ni kitu kingine kabisa, jina tu ndilo limefanana, dagaa wake hawakumdhuru mtu. Nilirudia mara mbili tatu. Akaitikia kwa kichwa. Lakini niliona hakupata nafuu yoyote, na sikuelewa kwa nini. Nilidhani mtu akiambiwa si kosa lake anapumua.

Tulimzika Kabula Lamadi, kwa kina Shija. Wanawake wachache, haraka, kama inavyofanywa kwa watoto wachanga sana. Milembe hakushuka kwenye gari, mshono ulikuwa bado mbichi. Tukakubaliana aje kwangu Bariadi kwanza, karibu na hospitali, niwe namtazama presha. Shija atakuwa anakuja.

Hiyo ndiyo wiki yetu.

Leo asubuhi nimempima tena mkojo. Bado una protini. Imepungua, ila ipo. Daktari alishaniambia inaweza kuchukua majuma mpaka iishe, na kwamba kuna wengine figo hazirudi zote. Nikamwambia Milembe kuwa bado kidogo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kwenye nafasi ileile wanapokaa wote.

Akauliza, nikibeba tena itakuwaje.

Ningeweza kusema Mungu anajua. Ndivyo ningemwambia mgonjwa. Nikamwambia inaweza kwenda vizuri, wapo wengi inakwenda vizuri, na inaweza kurudi hivihivi, na kwake yeye uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi kwa sababu hii ilimpata mapema. Akasema "sawa", kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba sukari imekwisha. Hakulia. Ningependelea alie.

Mchana akaja mama.

Alikuja na gari la watu wa mnadani, ameloa, na kuku mmoja kwenye kikapu. Tangu turudi hakuwa amefika. Alitusalimia kwa Kisukuma, akamshika Milembe shavu, akamwangalia sana, kisha akaniambia twende uani. Tukakaa chini ya bati la jikoni. Alikuwa hajavua hata kitambaa cha kichwa kilicholowa.

Akasema ni yeye. Yeye ndiye aliyemwita mke wa watu kuja kushika jembe na mimba ile, na yeye ndiye aliyepiga dawa na upepo unaelekea kule alikokaa. Dawa yenyewe hii ya siku hizi hakuijua, aliikuta dukani. Wakati wa ushirika ilikuwa inakuja ya aina moja na bwana shamba anasimama anaeleza. Sasa kila kampuni ina chupa yake na maandishi yasiyosomeka. Alisema amelala wiki nzima anaisikia harufu yake mikononi.

Nilimweleza. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi kumweleza mtu kitu. Protini kwa Kisukuma haina jina, nikasema ni vitu vidogo vilivyomo kwenye damu, vinavyotumwa na kondo, vingine kuiita mishipa na vingine kuizuia. Nikamwambia vile vya kuzuia vilizidi. Nikamwambia yote hayo yalianza mwanzoni kabisa, mimba ikiwa changa, Milembe yuko Lamadi, hata shambani hajafika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama ni msikilizaji mzuri.

"Kwa hiyo si jembe," akasema.

"Si jembe, mayu."

"Wala dawa."

Nikamwambia wala dawa.

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukawa tumekaa tu. Nilikuwa nasubiri uso wake ulegee. Badala yake ulizidi kukaza, akaanza kujikuna kiganja kwa kidole gumba.

"Basi mara nyingine nitamkataza nini?"

Ndipo nilipomwelewa Shija kule kwenye ngazi.

Walikuwa wameshika kitu, wote wawili. Kilikuwa kinawachoma, lakini kilikuwa kitu cha kushika. Shija angeacha kumpelekea dagaa. Mama angechukua jembe mikononi mwake, angemwaga dawa, angemweka kitandani miezi tisa, na mtoto angefika. Mimi nimekuja na maelezo yangu sahihi nikawapokonya. Na kwa kubadilishana sikuwapa chochote. Hakuna cha kukatazwa. Hakuna mtu wa kuombwa msamaha. Ni mishipa haikuota.

Angekuwa mtu mwingine ningesema Milembe awahi kliniki, apimwe presha kila mara, daktari atampa vidonge vya kujaribu kuzuia. Ni kweli yote, na nitamwambia, lakini si ndicho alichouliza.

Tuliporudi ndani tulimkuta Milembe amekaa kitandani, gauni limelowa kifuani. Maziwa yametoka. Yalianza juzi kwa matone, leo yamejaa. Mwili wake haukuambiwa. Alikuwa anayatazama yanavyosambaa kwenye kitambaa, hajashika kitu cha kujifuta.

Mama alichukua kanga, akaikunja upana wa kiganja, akapita nyuma ya mwanawe na kuanza kumfunga kifua, kama wanavyofanya ili yakauke upesi. Milembe akamwacha afunge. Mama alipofika kwenye fundo, Milembe akamshika mkono.

"Usikaze, mayu. Acha yaishe yenyewe."

Mama akalegeza. Akabaki amesimama nyuma yake, ameshika ncha mbili za kanga, hajui azifanyie nini. Mimi nikachukua mwavuli nikatoka.

Nimekaa hapa zaidi ya saa nzima. Nimeandika yote niliyoyajua, kwa utaratibu, na hakuna kilichopungua. Wenye chumba hiki wanataka kufunga. Itabidi nirudi, nikachinje yule kuku kabla giza halijaingia, nimsafishie Milembe mshono.

Asubuhi maziwa yatakuwa yamejaa tena.